Mwongozo kamili wa kuchora kani: mshale usiokuwapo na namna ya kuufuta

Mashua ya injini inarudi kutoka kuvua. Ikiwa imebakisha mita thelathini hivi kufika ufukweni, nahodha anazima injini. Mashua inateleza yenyewe, kimya, mpaka omo inapanda mchanga. Chora kwa mishale kani zote, yaani misukumo na mivuto, zinazoikabili mashua wakati inateleza.

Swali hili nawapa wanafunzi wangu wa tuisheni hapa Malindi kila muhula. Karibu kila daftari linarudi na mshale mrefu unaoelekea ufukweni, umeandikwa “kani ya mwendo” au “nguvu ya kwenda mbele”. Mshale huo haupo. Mwanafunzi anayeuchora huwa amekariri sheria zote tatu za Newton na anaweza kukusomea bila kitabu, lakini mshale mmoja tu unaharibu hesabu yote inayofuata. Na mimi nilipokuwa kidato cha pili niliuchora vilevile, nikakatwa alama bila kuelezwa sababu.

Kwa hiyo mwongozo huu hauanzi na sheria. Unaanza na mikono. Tenga saa mbili za alasiri, fuata hatua kwa mpangilio wake, na usiruke ile ya kwanza hata kama unaiona ni mchezo wa watoto.

## Vifaa

- Mizani ya ndoano, ile ya springi wanayopimia samaki. Inayofika kilo 10 inatosha kwa kazi za mezani. Ukipata inayofika kilo 50, hatua ya sita nayo utaweza kuifanya kwa vitendo.
- Kibao cha mbao cha urefu wa sentimita 30 hivi, kilichopigwa msumari mmoja mbele.
- Pakiti tatu za unga za kilo mbili mbili. Zifunge kwa leso kuukuu zisipasuke.
- Uzi mwembamba wa pamba wa kushonea, na mshipi wa kuvulia wa mita mbili.
- Jiwe la nusu kilo, au kipande cha tofali.
- Simu yenye saa ya kuhesabia sekunde, futi ya fundi, chaki, penseli, rula na daftari.

Huna mizani? Muombe muuza samaki akuazime kwa saa moja, jioni akishamaliza biashara. Ifute chumvi na magamba kabla ya kuitumia, kwa sababu springi iliyoshika kutu inakwama na kukusomea uongo.

## Maneno tutakayotumia

Shuleni utakutana na maneno haya kwa Kiingereza. Hapa nayaandika kwa Kiswahili, na ukishaelewa kitu chenyewe, jina la darasani halitakusumbua.

Kani ni kusukuma au kuvuta. Inapimwa kwa nyutoni. Tungamo ni wingi wa maada iliyomo kwenye kitu, kwa kilo. Uzito ni kani ambayo dunia inakivuta nayo kitu hicho, kwa hiyo nao ni nyutoni. Sokoni tunasema “uzito wa kilo mbili” na tunaelewana, ila kwenye daftari la fizikia usiseme hivyo. Kila kilo moja dunia inaivuta kwa nyutoni 9.8, na hapa tutatumia 10 ili hesabu iwe nyepesi. Mchapuko ni kiasi ambacho kasi inabadilika kila sekunde, iwe inaongezeka au inapungua.

Na inesha ni ile hali ya kitu kukataa kubadilishiwa mwendo wake. Kilichotulia kinataka kuendelea kutulia. Kinachokwenda kinataka kuendelea kwenda, kwa kasi ileile, kwenye mstari ulionyooka. Inesha si kani, na kwenye mchoro haichorewi mshale wowote. Tungamo likiwa kubwa, inesha nayo ni kubwa.

## Hatua ya 1: Iguse inesha kwa mkono wako

Zungushia jiwe mshipi kwa nguvu, kama mtu anayefunga kifurushi. Juu ya jiwe funga uzi wa kushonea wa sentimita 30, kisha ulitundike kwenye msumari au tawi. Chini ya jiwe funga uzi mwingine wa aina ileile na urefu uleule, uning’inie. Ncha ya huo wa chini izungushe kwenye kijiti ili uzi usikukate kidole.

Tahadhari: jiwe litaanguka, na ndiyo kazi yake leo. Weka ndoo ya mchanga chini yake, na miguu yako iwe mbali.

Kwanza vuta kijiti kuelekea chini polepole, ukiongeza nguvu kidogo kidogo. Uzi wa *juu* ndio utakaokatika. Hapo hakuna ajabu: uzi wa juu umebeba uzito wa jiwe pamoja na mvuto wa mkono wako, na wa chini umebeba mkono peke yake.

Sasa funga nyuzi mpya na urudie, lakini safari hii kivute kijiti chini kwa ghafla, mkupuo mmoja. Uzi wa *chini* utakatika, na jiwe litabaki linaning’inia kana kwamba hukuligusa.

Litazame lile jiwe kabla ya kuendelea. Mkono wako ulivuta kwa nguvu zaidi kuliko mara ya kwanza, na jiwe halikwenda. Ili uzi wa juu ukatike ni lazima uvutike, na ili uvutike ni lazima jiwe lishuke kidogo. Jiwe lilikataa kushuka kwa haraka uliyoitaka, na uzi wa chini ukakatika wakati jiwe halijapata nafasi ya kuondoka.

Umefaulu ikiwa umepata matokeo yote mawili, kila moja mara mbili. Uzi wa juu ukiendelea kukatika hata unapovuta ghafla, basi mkono una woga, au uzi wa chini ni mrefu mno na unanyumbuka. Ufupishe. Uzi ukikatika kabla hujavuta, jiwe ni zito kuliko uzi unavyoweza kubeba.

## Hatua ya 2: Chagua kitu kimoja na ukizungushie duara

Kabla ya mshale wowote, amua unazungumzia kitu gani. Kichore kama kisanduku tu, hakuna haja ya mapambo, kisha kizungushie duara la nukta nukta. Kilicho ndani ya duara ndicho tunachokichunguza. Kila kilicho nje ni jirani.

Sababu ni hii: mshale wa kani iliyo juu ya mashua haukai pamoja na mshale wa kani iliyo juu ya maji. Ukivichora vitu viwili kwenye mchoro mmoja, utajumlisha visivyojumlishika. Ukitaka vitu viwili, chora michoro miwili.

## Hatua ya 3: Uliza kila mshale, “Mwenyewe nani?”

Kani haijitokezei yenyewe. Kila kani ina mwenyewe, yaani kitu kingine kilicho nje ya duara kinachosukuma au kuvuta. Pitisha penseli polepole kuzunguka duara lako, na kila mahali ambapo kitu cha nje kinagusa kitu chako, simama uulize kama kinasukuma au kinavuta, na kwa upande gani.

Asiyehitaji kugusa, kwa maswali ya kiwango hiki, ni dunia yenyewe. Inavuta ikiwa mbali, na mshale wake siku zote unaelekea chini. Sumaku na umeme navyo vinafanya kazi bila kugusa, lakini swali likiwa navyo litakuambia.

Andika kila kani kwa sentensi nzima: “Maji yanaisukuma mashua juu.” “Dunia inaivuta mashua chini.” Usiandike neno moja kama “msuguano”, kwa sababu neno moja halikulazimishi kumtaja mwenyewe. Mwanafunzi anayeandika sentensi hujikamata mwenyewe, maana anafika kwenye mshale wa mbele na kalamu inakwama: “…inaisukuma mashua mbele.” Nani? Injini imezimwa. Tanga halipo. Upepo umetulia. Maji yanaigonga mashua kwa mbele, kwa hiyo yanairudisha nyuma.

## Hatua ya 4: Futa mshale wa mwendo

Hapa ndipo nataka ukae.

Mashua inayoteleza ina kani tatu. Dunia inaivuta chini. Maji yanaibeba juu, sawasawa na uzito wake, na ndiyo sababu haizami wala hairuki. Na maji, pamoja na hewa kidogo, yanaikinza kwa kuisukuma nyuma. Basi.

Mwanafunzi ananiambia, “Lakini Mwalimu, mashua si inakwenda mbele? Kitu gani kinaipeleka?”

Hakuna kinachoipeleka, mwanangu. Inakwenda kwa sababu ilikuwa inakwenda. Injini ilifanya kazi yake zamani, ikaipa kasi, ikanyamaza. Kasi ile ni mali ya mashua sasa. Kani inayohitajika ni ya *kuibadilisha* kasi hiyo, na ipo: ni maji, yanayoipunguza kidogo kidogo. Ndiyo maana mashua inazidi kuwa polepole kadiri inavyokaribia mchanga. Kama kweli kungekuwa na kani ya mbele inayolingana na ile ya nyuma, isingepunguza mwendo hata chembe.

Akili inakataa hili kwa sababu maisha yetu yote yamejaa msuguano. Ukiacha kusukuma kabati linasimama, ukiacha kupiga kasia ngalawa inasimama, na mtu anahitimisha kwamba mwendo unaisha kama mafuta ya taa yanavyoisha kwenye kandili. Mwendo hauishi wenyewe. Kuna kitu kinachouzuia. Kiondoe, na mwendo unabaki. Chombo cha anga cha Voyager 1 kilirushwa mwaka 1977, na hadi leo kinakwenda takriban kilomita 17 kwa kila sekunde, bila injini yoyote kukisukuma kiendelee. Huko kilipo hakuna maji wala hewa ya maana ya kukikinza.

Mshale wa aina hiyohiyo hujificha kwenye tuktuk. Dereva anakata kona kushoto kwa kasi, nawe unajikuta umebanwa upande wa kulia. Unasema kuna kani iliyokutupa nje. Pitisha penseli: nani aliyekusukuma kulia? Hakuna. Mwili wako ulikuwa unaendelea kunyooka kama kawaida yake, na tuktuk ndiyo iliyogeuka ikaja kukukuta. Kani iliyopo kweli ni ya ubavu wa tuktuk unaokusukuma *kushoto*, ili nawe ukate kona.

Na yule aliyesimama kwenye omo mashua inapopanda mchanga, akaanguka mbele? Mchanga uliizuia mashua, na mashua ikaizuia miguu yake. Kiwiliwili hakuna aliyekizuia.

Umefaulu ikiwa unaweza kumweleza mdogo wako kwa nini mashua inaendelea kwenda, bila kutumia neno “nguvu” wala “kani” katika kueleza kwenda kwake mbele.

## Hatua ya 5: Pima msuguano kwa mizani ya samaki

Weka pakiti mbili za unga juu ya kibao. Kitundike chote kwenye mizani kwa mshipi na usome tungamo lake. Changu kilisoma kilo 4.4, kwa hiyo uzito wake ni nyutoni 44.

Laza kibao juu ya meza, tia ndoano ya mizani kwenye msumari, na uvute kwa usawa wa meza. Ukivuta kwa kuinua, unapunguza mgandamizo wa kibao juu ya meza na jibu litakuwa dogo kuliko ukweli. Mizani ikilazwa, angalia kwanza kama mshale wake uko sifuri, maana nyingi huhama kidogo.

Anza kuvuta taratibu sana na usiondoe macho kwenye mizani. Inapanda: nusu kilo, kilo moja, kilo na nusu. Kibao hakijaondoka. Halafu ghafla kinachomoka, na mshale wa mizani unashuka. Kwangu kilichomoka kwenye 1.8, na kilipokuwa kinakwenda kwa mwendo usiobadilika mizani ilisoma 1.4. Yako itatofautiana kulingana na mbao na meza. Zidisha kwa 10 upate nyutoni: 18 kuondoka, 14 kuendelea.

Kuna mambo mawili hapa ambayo wanafunzi huyapita mbio.

La kwanza: kibao kilipokuwa bado kimetulia na wewe unavuta kwa nyutoni 5, msuguano ulikuwa nyutoni 5. Ulipovuta 10, ukawa 10. Msuguano wa kitu kilichotulia si namba moja. Unajirekebisha ulingane na anayevuta, mpaka unafika kikomo chake na kushindwa. Kwa hiyo swali likisema kabati limesukumwa kwa nyutoni 60 na halikusogea, msuguano ni nyutoni 60, hata kama kikomo chake ni 100.

La pili: kibao kikienda kwa kasi isiyobadilika, mvuto wako na msuguano vinalingana. Kani zimelingana, na kitu bado *kinakwenda*. Simama hapo usome mizani tena ukitaka. Wengi wanaamini kani zikilingana kitu lazima kitulie. Mizani iliyo mkononi mwako inasema hapana.

Ongeza pakiti ya tatu na upime upya. Msuguano utapanda kwa uwiano uleule uliopanda uzito, au karibu yake. Kisha mwaga mchanga kiganja kimoja juu ya meza, upime tena, uone kilichobadilika.

Tahadhari: soma mizani kibao kikiwa kinakwenda, usisome baada ya kusimama. Na kivute mwendo wa konokono. Ukikivuta kwa kasi inayoongezeka, mizani itasoma msuguano pamoja na kani ya kukichapusha, na hutajua ipi ni ipi.

## Hatua ya 6: Fanya hesabu kamili ya mkokoteni wa maji

Muulize hamali yeyote wa mkokoteni ni wapi kazi inapouma. Hatasema njiani. Atakuambia ni kuondoka, na ni kusimama. Hesabu inasema anachosema, namba kwa namba.

Mkokoteni mtupu una kilo 100, tuseme. Umepakiwa mitungi kumi ya lita 20. Lita moja ya maji ni kilo moja, kwa hiyo maji ni kilo 200. Jumla kilo 300. Barabara ni lami iliyo sawa, na ukinzani wa magurudumu ni nyutoni 50. (Ukiwa na ile mizani ya kilo 50, uifunge kwa kamba mbele ya mkokoteni, mwenyewe akikuruhusu, uuvute polepole mahali pasipopita magari. Ikisoma kilo 5, ndiyo nyutoni 50.)

Kuondoka. Hamali anasukuma kwa nyutoni 200. Mishale ya wima inalingana: dunia inavuta chini 3,000, barabara inabeba juu 3,000. Mishale ya ulalo: mkono wa hamali 200 mbele, barabara 50 nyuma. Kani iliyobaki ni 150 mbele. Mchapuko unapatikana kwa kugawa kani iliyobaki kwa tungamo: 150 ÷ 300 = 0.5. Yaani kila sekunde kasi inaongezeka kwa nusu mita kwa sekunde. Baada ya sekunde tatu mkokoteni unakwenda mita 1.5 kwa sekunde, mwendo wa mtu anayetembea kwa haraka.

Njiani. Kasi hiyo inamtosha. Sasa anahitaji kusukuma kwa nyutoni ngapi? Hamsini tu, kiasi cha kuufuta ukinzani wa barabara. Robo ya nguvu aliyoondokea nayo. Angeendelea kusukuma kwa 200, mkokoteni ungezidi kukimbia mpaka umshinde.

Kusimama. Mtoto anatokea mbele, umbali wa mita moja. Kutoka kasi ya 1.5 hadi sifuri ndani ya mita moja, mchapuko wa kupunguza ni kasi mara kasi, gawanya kwa mara mbili ya umbali: 2.25 ÷ 2 = 1.125. Kani inayotakiwa ni 300 × 1.125, karibu nyutoni 338. Barabara inasaidia 50, na 288 zilizobaki zitoke kwenye visigino na mgongo wa hamali. Ni zaidi ya alizotumia kuondoka. Mkokoteni ungeachwa usimame wenyewe ungekwenda karibu mita saba.

Naomba usome mistari hiyo tena kabla ya kuvuka mbele ya mkokoteni uliopakiwa. Mwenyewe hakatai kusimama. Hawezi.

Sasa peleka hesabu hiyohiyo kwenye matatu. Abiria wa kilo 60, mwendo wa mita 14 kwa sekunde, ambao ni kama kilomita 50 kwa saa, gari linagonga. Mkanda na kubonyea kwa bodi vikimpa nusu mita ya kusimamia, wastani wa kani juu ya mwili wake ni karibu nyutoni 11,800. Asiyefunga mkanda anaendelea mbele mpaka akutane na kiti au kioo, na kimsimamishe ndani ya sentimita tano, kani inakuwa mara kumi ya hiyo. Kasi ni ileile na mtu ni yuleyule. Kilichobadilika ni umbali wa kusimamia. Funga mkanda.

Umefaulu ikiwa unaweza kurudia hesabu hii kwa mkokoteni mtupu wa kilo 100, ukinzani ukiwa nyutoni 17, na kueleza kwa nini safari ya kurudi kisimani ni rahisi kote: kuondoka, kwenda na kusimama.

## Hatua ya 7: Tenganisha jozi

Kani huja mbili mbili. Ukisukuma ukuta, ukuta unakusukuma kwa kiasi kilekile, upande wa kinyume. Kosa ni kuzichora zote mbili juu ya kitu kimoja, kisha kushangaa kwamba zinafutana na hakuna kinachoweza kusogea duniani. Jozi haikai ndani ya duara moja. Geuza tu sentensi yako ya hatua ya tatu: “Nahodha anausukuma mchanga nyuma kwa upondo” ikigeuzwa ni “Mchanga unamsukuma nahodha mbele kwa upondo.” Ya kwanza iko juu ya mchanga. Ya pili iko juu ya nahodha, na ndiyo inayoipeleka mashua.

Hapa kuna mtego. Unga uko juu ya meza: dunia inauvuta chini, meza inausukuma juu, na kani hizo ni sawa. Je, ni jozi? Hapana. Zote ziko juu ya unga. Jozi ya “dunia inauvuta unga” ni “unga unaivuta dunia.” Ndiyo, pakiti ya unga inaivuta dunia nzima kwa nyutoni 20. Dunia haisogei kwa macho yetu kwa sababu tungamo lake ni kubwa mno.

Mfano mzuri wa jozi uko kaskazini mwetu, Ngomeni, kwenye jukwaa la San Marco lililosimamishwa baharini. Tarehe 12 Desemba 1970 roketi iliondoka pale ikiwa imebeba setelaiti iliyopewa jina la Uhuru kwa heshima ya sikukuu yetu. Waulize wanafunzi roketi inasukuma nini ili ipande. Watajibu jukwaa, au bahari, au hewa. Ingekuwa hivyo, juu ambako hewa hakuna ingekwama. Roketi inaisukuma gesi yake yenyewe chini, na gesi inaisukuma roketi juu.

Na mahali penyewe hapakuchaguliwa ovyo. Karibu na ikweta dunia inazunguka kuelekea mashariki kwa mita 460 hivi kila sekunde, na roketi iliyosimama jukwaani tayari ina kasi hiyo, sawa na wewe uliyekaa hapo ulipo. Ikirushwa kuelekea mashariki, inaondoka nayo. Inesha inawafanyia wahandisi kazi bila kudai mafuta.

## Hatua ya 8: Jipime

Funika majibu kwa karatasi. Kwa kila swali chora duara, andika sentensi, halafu ndipo uchore mishale.

1. Nazi ya kilo 1.5 na kidaka cha kilo 0.3 vinaanguka pamoja kutoka kileleni mwa mnazi. Tuupuuze ukinzani wa hewa. Kipi kinatangulia?

*Vinafika pamoja.* Nazi inavutwa kwa nyutoni 15, kidaka kwa 3. Lakini nazi ina inesha mara tano: 15 ÷ 1.5 = 10, na 3 ÷ 0.3 = 10. Usilijaribu kwa kusimama chini ya mnazi. Dondosha betri ya tochi na kijiwe kutoka usawa wa bega, na usikilize kishindo. Utasikia kimoja.

2. Umeketi ndani ya basi linalokwenda Mombasa kwa kasi isiyobadilika, barabara imenyooka. Unarusha ufunguo juu wima. Utaangukia wapi?

*Mkononi mwako.* Ulipouachia ulikuwa na kasi ya basi, na ndani ya basi hakuna kilichouzuia usiendelee nayo. Ukiangukia nyuma yako, dereva amekanyaga mafuta ufunguo ukiwa hewani.

3. Umelirusha dafu juu wima. Linapanda, linafika kileleni, linasimama kwa nukta moja, kisha linashuka. Ukiiacha hewa, chora kani likiwa linapanda, likiwa kileleni, na likiwa linashuka.

*Hili ndilo ninalolitumia kujua nani ameshaelewa.* Wengi huchora mshale wa juu likipanda, hawachori chochote kileleni, na huchora wa chini likishuka. Pitisha penseli kuzunguka dafu. Mkono wako umeshaliachia. Hakuna kinacholigusa. Michoro yote mitatu inafanana: mshale mmoja, wa urefu uleule, unaelekea chini.